Mashine Haifanyi Kazi Peke Yake: Mafunzo ya Wanaotibu Ubongo kwa Mionzi

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka sehemu za Kericho na Bomet. Wengi waliomba wapewe kwa maandishi ili wakayasome pamoja na wenzao nyumbani.)



Tunawashukuru kwa kuacha majani siku ya leo. Tunajua chai haingoji mtu, na lori la kiwanda likifika kituoni haliulizi kama ulikuwa mkutanoni. Kwa hivyo hatutazunguka sana.

Katika mkutano uliopita mweka hazina wa kikundi kimoja alisimama akatuuliza hivi: "Tumesikia ati kuna mashine huko Nairobi inayotibu ubongo bila kisu. Kama ni kweli, mbona watu wetu bado tunawachangia waende India?" Wengine walicheka, lakini sisi hatukucheka. Lilikuwa swali la mtu aliyeshika pesa za wenzake, na mtu kama huyo ana haki ya kujibiwa. Tulikwenda tukauliza, tukasoma, na leo tumerudi.

Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni fupi: ndiyo, mashine iko. Ya pili ni ndefu kidogo, nayo ni hii: mashine hiyo inahitaji watu waliofundishwa kwa miaka mingi, na watu hao huanzia shuleni kama hizi zetu. Tukielewa mafunzo yao, tutajua la kuuliza kabla ya kutoa pesa, na tutajua pia la kufanya na watoto wetu.

KWANZA, KISA CHETU WENYEWE

Kuna mama mmoja mchumaji wa chai, mwanachama wa kikundi ambacho baadhi yetu tumo ndani yake. Alianza kusikia mlio katika sikio la kushoto, kama nyenje wa jioni. Baadaye sikio likaziba. Akapewa dawa ya matone, ikaisha, akapewa nyingine. Wengine walisema ni uzee. Wengine walisema kuna mtu amemfanyia jambo. Mwaka wa tatu akaanza kuyumba akitembea na kikapu mgongoni, hata msimamizi akadhani amelewa, na mama huyu hajaonja pombe maishani mwake. Mwishowe akapigwa picha ya ubongo. Ikaonekana uvimbe mdogo kwenye neva ile inayotoka sikioni kwenda kwenye ubongo.

Hapo tukaingiwa na hofu. Tukaitisha harambee. Watu waliuza ndama, wengine mbao, wengine wakatoa sehemu ya bonasi ambayo walikuwa wameiwekea karo. Kisha akatokea mtu mjini aliyesema anajua njia ya kumpeleka mgonjwa ng'ambo, akaomba malipo ya kwanza ya kushughulikia karatasi. Tukampa shilingi 60,000. Hajaonekana tena, na simu yake haipatikani mpaka leo.

Tunasema haya kwa uchungu, kwa sababu sisi ndio tulioshika daftari. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: uvimbe huu una ukubwa gani? Ni wa aina gani? Unatibiwa kwa njia gani, na wapi, na nani? Tulichanga kwanza, tukauliza baadaye.

Tulipomfikisha mama kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, daktari alitueleza polepole, kama mwalimu. Alisema uvimbe wa namna ile si saratani, kwa kawaida hukua taratibu, na huo wa mama haujafika hata sentimita 2. Akataja njia tatu. Ya kwanza ni kupasua. Ya pili ni kuupiga kwa mionzi bila kupasua. Ya tatu ni kungoja huku unapimwa kwa picha kila mwaka, ili kuona kama unakua. Tulitazamana. Hakuna aliyejua kwamba kungoja kwa kupima nako ni kazi ya daktari.

MIONZI INATIBUJE UBONGO?

Mnajua jinsi harambee inavyokuwa. Kila mtu anatoa shilingi 20 au 50. Hakuna anayerudi nyumbani maskini kwa sababu ya mchango huo. Lakini pale mezani, michango inapokutana, ni pesa nyingi, na pesa hizo zinaweza kujenga darasa.

Basi tiba hii ni hivyo hivyo. Mwali mmoja wa mionzi unaopita kichwani ni dhaifu, na ubongo unaoupitia hauumii sana. Lakini mashine hutuma miale mingi kutoka pande nyingi, na yote inakutana mahali pamoja, pale penye uvimbe. Hapo ndipo nguvu inakuwa kubwa. Mashine ya Gamma Knife ya aina mpya ina vyanzo 192 vya madini ya kobalti, na ile ya zamani ilikuwa na 201. Vyote vinalenga nukta moja, na kulenga kwenyewe kunapimwa kwa sehemu ya milimita.

Hakuna ngozi inayokatwa. Kwa Gamma Knife mara nyingi kichwa hufungwa kwenye fremu ya chuma, baada ya kudungwa sindano ya ganzi, ili kisitikisike hata kidogo. Mgonjwa analala macho, anaweza hata kuzungumza na wauguzi kwa kipaza sauti, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. CyberKnife ni mashine nyingine. Haina kobalti, inatumia umeme kutengeneza mionzi, na imewekwa kwenye mkono wa roboti unaomzunguka mgonjwa. Badala ya fremu huvalishwa kinyago cha plastiki, na mashine hupiga picha wakati wa tiba ili ijue kama kichwa kimesogea. Tiba inaweza kuwa ya siku moja, au ikagawanywa kwa siku chache, mara nyingi si zaidi ya 5.

Tafadhali sikieni na haya, maana hapa ndipo watu hudanganywa. Uvimbe hautoweki siku ile. Matokeo huonekana kwa miezi, na kwa ugonjwa wa mishipa ya damu iliyofumana ubongoni inaweza kuchukua miaka 2 au 3 hadi izibe. Mara nyingi lengo ni kuuzuia uvimbe usikue, wala si kuufuta. Uvimbe ukishapita kama sentimita 3, kwa kawaida tiba ya mara moja haifai. Kunaweza kuwa na maumivu ya kichwa na ubongo kuvimba baadaye. Na masikio yakishapoteza kusikia kwa sababu ya uvimbe, usitegemee kwamba kusikia kutarudi. Daktari alimwambia mama yetu hivyo waziwazi, na mama akajibu, "Basi nibakishieni hili moja."

ILIANZIA WAPI, NA ILIFIKAJE KWETU?

Daktari mmoja wa Sweden, Lars Leksell, ndiye aliyelipa jambo hili jina na wazo mwaka wa 1951. Alikuwa mpasuaji wa ubongo. Hakufaulu peke yake. Alifanya kazi na mwanasayansi wa mionzi, Börje Larsson, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakapata Gamma Knife ya kwanza. Tangu mwanzo kazi hii ilikuwa ya watu wawili wa elimu mbili tofauti, daktari na mtu wa fizikia. Mpaka leo iko hivyo.

Kisha ikasambaa kama ufundi wowote unavyosambaa, fundi akimfundisha fundi. Daktari L. Dade Lunsford wa Marekani alikwenda Sweden akajifunza, akarudi kwao, na mwaka wa 1987 chuo kikuu cha Pittsburgh kikaweka mojawapo ya Gamma Knife za kwanza za Amerika Kaskazini. Pittsburgh nayo ikawa mahali pa kufundishia madaktari na wanafizikia kutoka nchi nyingi. Daktari mwingine, John Adler, alikwenda kwa Leksell mwaka wa 1985. Aliona ile fremu ya chuma, akarudi Stanford akiwaza jinsi ya kutibu bila fremu. Ndipo ikatoka CyberKnife, iliyomtibu mgonjwa wa kwanza mwaka wa 1994.

Afrika nayo haikukaa mbali. Cairo, huko Misri, walianza kutumia Gamma Knife mwaka wa 2001. Hapa Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilianza tiba ya mionzi ya kawaida mwaka wa 1968. Na katika miaka hii ya 2020, Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ile iliyo karibu na Kahawa, ikapata CyberKnife. Hiyo ndiyo mashine aliyoisikia mweka hazina wetu. Pia siku hizi mionzi ya kawaida kwa wagonjwa wa saratani inapatikana Eldoret na Nakuru, kwa hivyo mtu wa Kericho si lazima aanzie Nairobi kwa kila jambo.

NI AKINA NANI WANAOSIMAMA NYUMA YA MASHINE?

Tulipouliza, tuliambiwa kwamba mgonjwa mmoja hupita mikononi mwa watu watano au zaidi. Tuwataje mmoja mmoja, na miaka ya mafunzo yao.

1. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Huyu husoma udaktari miaka 6, akafanya mwaka 1 wa mazoezi hospitalini, ndipo aanze ubingwa unaochukua miaka 5 au zaidi. Zamani ilikuwa lazima kwenda ng'ambo. Sasa anaweza kusomea Nairobi, au kupitia chuo cha madaktari wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kiitwacho COSECSA, kilichoanzishwa mwaka wa 1999. Wanafunzi wa COSECSA hujifunza wakifanya kazi ndani ya hospitali za kwetu. Hata Tenwek, hapa Bomet, ni hospitali inayofundisha wapasuaji Waafrika.

2. Daktari bingwa wa tiba ya mionzi. Naye ni daktari kwanza, kisha anasomea mionzi kwa miaka mingine kadhaa. Yeye ndiye anayesema kipimo kiwe kiasi gani.

3. Mwanafizikia wa tiba. Huyu si daktari. Amesoma shahada ya fizikia, kisha shahada ya pili, kisha akae hospitalini angalau miaka 2 chini ya mwenye uzoefu kabla ya kuachiwa kazi. Hayo ndiyo yanayopendekezwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Yeye hupima mashine na kuchora mpango wa miale: ipite wapi, ikwepe jicho wapi, ikwepe neva ya kuonea wapi.

4. Mtaalamu wa kuendesha mashine. Ndiye anayemlaza mgonjwa, kumvalisha kinyago, kuangalia jina na mpango mara mbili, na kubonyeza kitufe.

5. Muuguzi, ambaye humwandaa mgonjwa na kumwangalia baadaye. Na nyuma yao wote yuko fundi wa kutengeneza mashine.

Hawa wote wakishapata elimu yao ya kawaida, bado hawajaruhusiwa kugusa tiba hii. Wanahitaji mafunzo mengine mahsusi. Watengenezaji wa mashine huwafundisha. Kisha hukaa kwenye kituo chenye uzoefu, wanatazama, wanapanga tiba za wagonjwa waliokwisha kutibiwa ili walinganishe na mpango wa mabingwa, halafu wanafanya za kwao huku bingwa amesimama kando. Ni kama msichana anayefundishwa kuchuma. Siku ya kwanza unamwonyesha majani mawili na chipukizi, lakini humwachii mstari peke yake mpaka umekagua kikapu chake mara nyingi.

KOSA DOGO, WATU WENGI

Pengine mtu atauliza, kwani kuna haja gani ya mafunzo marefu hivyo ikiwa kompyuta ndiyo inayolenga? Tuwape mfano wa kweli.

Mjini Toulouse, Ufaransa, hospitali moja ilianza kutumia mashine mpya ya tiba hii mwaka wa 2006. Wakati wa kuipima mwanzoni, walitumia kifaa cha kupimia kilichokuwa kikubwa kuliko miale myembamba iliyokuwa inapimwa. Fikirini mtu anayepima kijiko cha dawa kwa debe. Kipimo kikatoka kimakosa, na kompyuta ikaamini kile ilichoambiwa. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi, mpaka 2007, wagonjwa 145 walipewa mionzi kuliko ilivyotakiwa. Mashine ilikuwa nzima, umeme ulikuwapo, na madaktari walikuwa wasomi. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kupima upya kazi ya wa kwanza.

Kwa hiyo mkisikia hospitali inasema, "Tutawatibu baada ya wiki mbili, kwanza tunapanga na kukagua," msikasirike. Hiyo ni dalili njema. Na sisi tunaoshika daftari la kikundi tunaijua kanuni hiyo: mweka hazina anahesabu, na mwingine anahesabu tena.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya tiba ya mionzi, huko Mulago, iliyonunuliwa mwaka wa 1995. Mwaka wa 2016 ikaharibika kabisa. Nchi nzima ikabaki bila. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu Waganda 400 bure, lakini wengine wengi hawakuwa hata na nauli ya kuvuka Busia au Malaba. Mashine mpya ilianza kazi mwaka wa 2018. Tunajifunza nini? Kwamba kununua mashine ni siku moja, na kuitunza ni miaka yote. Tena kobalti yenyewe hupungua: kila baada ya miaka 5 na miezi michache, nguvu yake hubaki nusu. Asipokuwapo mtu wa kufanya hesabu hiyo, mgonjwa atapewa dawa nusu akidhani ni nzima.

JE, MTU WA KWETU ANAWEZA KUFUNDISHA WENGINE?

Kuna watu wanaoamini kwamba elimu ya ubongo hutoka Ulaya na Marekani tu, nasi tunapokea. Hao tunawapeleka Mbale, ng'ambo ya Malaba.

Kuna hospitali ya watoto huko inayoitwa CURE, iliyofunguliwa mwaka wa 2001. Walikuwa wakiletewa watoto wengi wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji. Njia ya kawaida ilikuwa kuweka mrija wa kutoa maji, lakini mrija ukiziba, mtoto wa kijijini yuko mbali na hospitali, naye anaweza kufa. Daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyekaa Mbale, alitengeneza na wenzake njia ya kufungua mlango mdogo ndani ya ubongo kwa kamera ndogo na kuchoma kidogo sehemu inayotengeneza maji, ili watoto wengi wasihitaji mrija. Aliporudi kwao, Mganda, Daktari John Mugamba, akaendelea na kazi. Madaktari wa nchi nyingi wamefika Mbale kujifunza, na njia hiyo imepelekwa mpaka Marekani. Basi elimu ilitoka Mbale ikaenda Boston. Kinachowezekana kwa kamera kinawezekana kwa mionzi, tukiwa na watu.

SISI VIJIJINI TUFANYE NINI?

Sasa tumefika kwenye kazi yetu. Hatuwezi kununua mashine. Lakini kuna mambo manne tunayoyaweza.

La kwanza, tujue dalili, na tusizicheleweshe. Kuumwa kichwa kunakozidi siku hadi siku, hasa asubuhi pamoja na kutapika. Kifafa kinachoanza mtu akiwa mzima. Sikio moja kuziba na kulia bila usaha. Macho kupungua nguvu. Upande mmoja wa mwili kulegea. Kichwa cha mtoto mchanga kukua haraka. Ukiona moja kati ya haya, nenda hospitalini, uombe uchunguzi. Upande wa mwili ukilegea ghafla, usingoje kesho. Na tukumbuke kwamba magonjwa mengi ya kichwa hayahitaji mashine hii kabisa. Kifafa cha kawaida hutulizwa na vidonge vinavyomezwa kila siku bila kukosa. Mtoto wa kichwa maji anahitaji upasuaji, wala si mionzi, na upasuaji huo unafanyika hapa nchini, kwa mfano Kijabe.

La pili, tuulize kabla ya kuchanga. Kamati ya kikundi iandike maswali haya kwenye jalada la daftari: Ugonjwa unaitwaje? Uvimbe una ukubwa gani? Je, njia ya kungoja na kupima inafaa? Kama ni mionzi, ni ya aina gani, na nani aliyesema hivyo, daktari bingwa au mtu wa mjini? Wagonjwa wangapi wa namna hii wametibiwa hapo? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na nauli na mahali pa kulala? Pesa ilipwe hospitalini, kwa risiti. Isipitie mkononi mwa mtu yeyote, hata akiwa ni jamaa yetu.

La tatu, kila nyumba ijiandikishe kwenye bima ya afya ya serikali. Tangu Oktoba 2024 mamlaka ya SHA ndiyo iliyochukua mahali pa NHIF. Kujiandikisha hufanywa kwa simu kwa kupiga *147#, au kwa msaada wa mhudumu wa afya wa kijiji. Bima hailipi kila kitu, kwa hivyo mgonjwa aulize hospitalini mapema ni kiasi gani kitalipwa, ndipo kikundi kijue pengo la kujazwa.

La nne, ndilo tunalotaka mlibebe nyumbani. Tuwalinde watoto wanaopenda hesabu na fizikia.

Yule mama alipokuwa akienda Nairobi alisindikizwa na msichana wa jirani, mwanafunzi wa shule ya kutwa. Msichana alisimama dirishani akamwangalia dada mmoja anayeendesha mashine ya picha. Akamuuliza, "Wewe ulisomea nini?" Yule dada akamwambia: fizikia, biolojia, hesabu, halafu chuo. Msichana alirudi nyumbani akiwa na nia. Lakini shule yake haikuwa na mwalimu wa fizikia kwa mihula miwili, na wenzake karibu wote walikuwa wameacha somo hilo walipofika kidato cha tatu. Yeye alibaki na vijana wanne wa kiume, wakisoma kitabu kimoja.

Tulipohesabu pesa za harambee, baada ya kutoa ile hasara, zilikuwa zimebaki shilingi 48,000. Kukawa na ubishi. Wengine walisema zigawanywe, kila mtu arudishiwe chake. Wengine walisema hapana, ni za mama mgonjwa. Mama mwenyewe akasimama. Alisema sehemu ya nauli na malazi yake iwekwe kando, isiguswe, na iliyobaki isaidie kumlipa mwalimu wa fizikia pamoja na halmashauri ya shule. "Mimi nimeangaliwa na watoto wa watu," alisema. "Nao waliangaliwa na nani?"

Hatukukubaliana siku hiyo. Wazee wawili walitoka nje kwa hasira. Mkutano wa pili tulipiga kura, ikapita kwa kura tatu tu. Mwalimu alipatikana, kijana aliyemaliza chuo na hana kazi, na amefundisha mihula miwili sasa. Hatujui msichana atapata alama gani. Hatumwahidi mtu kwamba atakuwa mwanafizikia wa tiba. Lakini tunajua kwamba mtoto asiyefundishwa fizikia hawezi kuwa.

Na wale walio na watoto wadogo, jueni kwamba utaratibu umebadilika. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa gredi ya 10 wanafuata moja kati ya njia tatu, na mojawapo ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Mtoto akichagua njia nyingine kwa sababu tu shule ya karibu haina mwalimu au maabara, mlango huo ni vigumu kuufungua tena. Ulizeni shule zenu sasa.

MWISHO

Mtauliza mama anaendeleaje. Picha ya kwanza na ya pili zilionyesha uvimbe haujakua. Picha ya tatu, ya mwaka huu, ilionyesha umeongezeka milimita 3. Madaktari wamekaa pamoja, wa upasuaji na wa mionzi, wakasema sasa wakati wa mionzi umefika. Anangoja aitwe. Nauli yake iko benki, na vitabu vya kikundi vimekaguliwa na watu wawili. Bado anachuma, ila mistari ya tambarare tu, na wenzake wanampigia kelele upande wa sikio lake zima lori linapokuja.

Tunamwombea. Na tunawaomba nanyi, mkirudi kwenye vikundi vyenu, msiseme tu kwamba mmesikia habari ya mashine. Semeni kuna watu watano nyuma ya mashine, na kwamba mmoja wao anaweza kuwa sasa hivi anakaa darasani kwetu, akingoja mwalimu.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho tulipomchangia mgonjwa, tuliuliza nini kabla ya kutoa pesa? Nani alipewa risiti?
2. Je, katika kijiji chetu kuna mtu mwenye dalili zilizotajwa ambaye hajapelekwa hospitalini? Nani atamtembelea wiki hii?
3. Shule iliyo karibu nasi ina walimu wangapi wa fizikia na hesabu? Wasichana wangapi wanasoma fizikia?
4. Nyumba ngapi katika kikundi hazijajiandikisha kwa bima ya afya?
5. Kama zingebaki shilingi 48,000 katika kikundi chetu, sisi tungefanyaje?